Programu ya jukwaa la malenga: kwa nini tuliishia kwenye phpBB

Mtu akiniuliza atumie programu gani kujengea tovuti ya kukutanisha watu wake, humuuliza kwanza: watu wako wanajibizana vipi? Wengi hukereka. Walitaka jina tu, waende zao wakapakue. Lakini jina haliwezi kutoka kabla sijajua kama watu wenyewe ni wa soga la jioni linalosahaulika asubuhi, ni wa kuulizana maswali yenye jibu moja, ni wa kuonyeshana picha za harusi, au ni kama hawa wangu, ambao wanaweza kukaa kimya wiki tatu halafu mmoja akaibuka kujibu neno la mwezi uliopita kwa beti kumi na mbili.

Hawa wangu ni watunzi wa mashairi. Mimi situngi. Marehemu baba ndiye aliyekuwa mtunzi, na mimi nikarithi marafiki zake. Mchana naangalia kompyuta za ofisi moja hapa Tanga, kwa hiyo wazee walipoamua kwamba mashairi yao yanahitaji mahali pa kukaa, hawakuhitaji kikao kujua kazi hiyo ni ya nani.

Kabla ya hapo tulikuwa WhatsApp, na bado tupo. Watu hudhani tatizo la WhatsApp ni idadi. Kweli zamani kundi lilikuwa na kikomo cha watu 256, lakini tangu 2022 kikomo ni 1,024, na malenga wa mwambao na bara tunaowafahamu hawajai humo. Tatizo letu lilikuwa fumbo na jibu lake. Mtu wa Pangani anaweka fumbo Jumatatu. Kabla halijapata mfumbuzi zimeshapita salamu za asubuhi, taarifa ya msiba, video ya mahubiri, tangazo la mchele wa Mbeya, na mabishano ya Simba na Yanga ambayo kwa kweli hayakatazwi na mtu yeyote, katibu mwenyewe akiwa mstari wa mbele. Jibu linakuja siku ya tisa kutoka Lindi, zuri, lenye vina vilivyosimama, na nusu ya kundi hawajui linajibu nini. Aliyejiunga katikati alikuwa hata fumbo lenyewe halioni. Na simu ya mtu ikiibwa, au ikijaa akafuta, mashairi yake yote yameondoka nayo.

Kwa wasiojua utamaduni huu: kujibizana kwa mashairi ndiyo nusu ya ushairi wenyewe. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, alirushiana beti na watunzi wa Lamu wakati miji hiyo ilipokuwa na ugomvi wa kweli, wa mapanga na majahazi. Tunazo tungo zake leo kwa sababu Mwalimu Sikujua alizikusanya kutoka vinywani mwa watu, akisaidiana na mmisionari W. E. Taylor, miaka mingi baada ya mtunzi kufariki. Baadaye likaja gazeti la Mambo Leo, mwaka 1923, na mengine yaliyofuata. Hapo mtu alituma shairi kwa posta, akaweka na S.L.P. yake chini, na mwenzake wa mkoa wa mbali akalisoma akamjibu kwenye toleo jingine. Mazungumzo yalikwenda polepole, lakini yalikwenda, na kila mmoja alijua anajibu nini.

Kwa hiyo nilichokuwa natafuta kilikuwa kitu kimoja: fumbo likae juu, majibu yafuate chini yake kwa mpangilio wa kuja kwake, na mchele wa Mbeya usipite katikati. Hayo mengine yote, rangi, vitufe, picha za wasifu, yangefuata baadaye.

Kigezo hicho kimoja kilifukuza nusu ya programu zote kabla sijagusa seva. Zipo zinazojenga mtandao wa kijamii kamili: BuddyPress, ambayo ni programu-jalizi ya WordPress (ile programu maarufu ya kujengea tovuti) iliyofikia toleo la kwanza rasmi mwaka 2009, na Elgg, ya tangu 2004. Zote ni huria na za bure, na zina kila kitu ambacho mtu aliyezoea Facebook angekitarajia: wasifu, marafiki, vikundi, ujumbe wa faragha. Kama ningekuwa najengea chama cha wanafunzi waliomaliza shule moja, ningechukua BuddyPress nisitazame nyuma, maana watu wa namna hiyo wanataka kujua nani yuko wapi na kaolewa na nani. Lakini moyo wa programu hizi ni ule ukurasa wa matukio unaotiririka, jipya juu, la zamani linazama. Shairi la wiki tatu limeshazama. Ndiyo WhatsApp ileile, imevaa suti.

Mastodon, programu ya mtandao wa machapisho mafupi iliyoandikwa na Eugen Rochko mwaka 2016, niliipenda kwa sababu nyingine. Seva yako inaweza kuzungumza na seva za watu wengine kwa kanuni ya wazi iitwayo ActivityPub, ambayo shirika la W3C liliipitisha Januari 2018, na hakuna kampuni moja inayomiliki mazungumzo yote. Ila ukiifunga kama ilivyo, chapisho moja mwisho wake ni herufi 500. Chukua mshororo wa kawaida wa mizani kumi na sita:

Naja mbele ya wenzangu, fumbo langu kulitua

Hapo pana herufi 43, ukihesabu na nafasi. Ubeti wa tarbia una mishororo minne. Beti tatu tayari zimevuka 500, na mzee ana beti kumi na mbili.

Kuna waliosema tusijisumbue, tufungue kitu kwenye jukwaa la kampuni, bure, dakika kumi tumemaliza. Kwa hili mimi ni mkaidi, na sababu zangu zina tarehe. Ning, iliyoanzishwa 2004 na Marc Andreessen na Gina Bianchini, ilimwezesha mtu yeyote kujifungulia mtandao wake wa kijamii bila kulipa, hadi Aprili 2010 ilipotangaza kwamba mitandao ya bure inaondolewa, mwenye kutaka alipe. Google+ ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019 pamoja na jumuiya zote zilizokuwa humo. Yahoo Groups ikazimwa Desemba 2020. Mzee wa Lindi bado anatunga mashairi ya kujibu mambo ya miaka ya sabini. Jukwaa lake lazima liweze kuhama nyumba na vyombo vyake vyote, na hilo linawezekana tu kama hifadhidata, yaani ghala la machapisho yote, iko mkononi mwako.

Zilizobaki ni zile za majukwaa ya mijadala, na kati ya hizo niliangalia nne.

XenForo ni nzuri na imekomaa. Ilitoka 2010, ikiongozwa na watu waliowahi kuiandika vBulletin, programu nyingine ya majukwaa, na ndiyo inayotumiwa na JamiiForums, jukwaa ambalo Mtanzania yeyote msomaji wa mtandaoni amepita walau mara moja. Lakini ni ya kulipia, na mfuko wetu ni wa michango. Flarum ni nyepesi machoni, huria kwa leseni ya MIT, toleo lake la 1.0 lilitoka 2021. Nikaiweka kando kwa sababu tu karibu kila kitu cha ziada humo ni kiendelezi cha mtu mwingine, na mimi sina muda wa kufuatilia kama watu kumi tofauti bado wana hamu na kazi zao.

Ikabaki Discourse na phpBB, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu.

Discourse ilianza 2013. Mmoja wa waanzilishi wake ni Jeff Atwood, yuleyule wa Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, na inaonekana imetengenezwa na watu walioteseka na majukwaa ya zamani. Mwanachama mpya hapewi uhuru wote siku ya kwanza. Kuna viwango vya kuaminiwa, kuanzia 0 hadi 4, na anapanda kwa kusoma na kushiriki. Unaweza kujibu mada kwa barua pepe bila kufungua tovuti. Tafsiri ya Kiswahili imo, ingawa si yote. Ukitoka programu nyingine kuna hati zilizoandikwa tayari za kukuhamishia machapisho ya zamani. Kama kundi langu lingekuwa la vijana wa programu wa Dar es Salaam, habari ingeishia hapa.

Lakini nayo ina mahitaji yake. Njia rasmi ya kuifunga ni Docker, chombo cha kuendeshea programu zikiwa zimefungashwa na vyote zinavyohitaji, kwenye seva yako mwenyewe yenye angalau gigabaiti moja ya kumbukumbu, na huduma ya kutuma barua pepe inayofanya kazi sawasawa, maana kwa kawaida hata msimamizi wa kwanza huthibitishwa kwa barua pepe. Hayo nayamudu. Kisichomudika ni simu za wazee. Discourse inaishi kwa JavaScript, yaani msimbo ambao kivinjari cha simu yenyewe ndicho kinachouendesha. Wenye simu ndogo na bando la kubana hutumia Opera Mini, ambayo ikiwa kwenye hali ya kubana sana inapitisha kurasa kwenye seva zake kwanza na kumletea mtu kitu kilichokwisha kukandwa. Kwa kivinjari isichokikubali, Discourse hutoa ukurasa mwepesi wa kusomeka tu. Nikaweka ya majaribio, nikampigia mzee wa Pangani.

"Shikamoo babu. Limefunguka?"

"Marahaba mwanangu. Limefunguka, nasoma vizuri kabisa. Pa kujibia ndiyo sipaoni."

Hapakuwepo. Ndivyo ilivyoundwa, na kwa jukwaa la kujibizana hapo hapana mjadala tena.

phpBB ni mzee wa mwaka 2000, aliianzisha James Atkinson. Sura yake ni ya kizamani na sitaitetea. Ila ukurasa wake ni HTML, lugha ya msingi ya kurasa za mtandao, iliyonyooka: orodha ya mada, mada yenyewe, kisanduku cha kuandikia, kitufe cha kutuma. Inaendeshwa kwa PHP na MySQL, vitu ambavyo kampuni yoyote ya hapa nyumbani inayopangisha tovuti inavyo kwenye kifurushi chake cha bei ya chini. Fundi yeyote aliyewahi kugusa WordPress ataielewa siku nikiwa sipo. Nilipompa babu wa Pangani kiungo chake alijibu kwa ubeti, na ubeti wenyewe ulikuwa wa kulalamikia rangi.

Kuna mambo matatu madogo ndani ya phpBB ambayo sikuyatarajia na ndiyo yaliyonimaliza.

La kwanza ni barua pepe. Kila programu ya aina hii inadhani mwanadamu ana barua pepe na anaisoma. Wazee wangu wanazo kweli, kwa sababu simu janja haikubali Play Store bila akaunti ya Google, ambayo kwa kawaida huja na Gmail, lakini aliyeifungua ni fundi simu wa sokoni, nenosiri analijua yeye, kama bado anakumbuka. Kwenye phpBB msimamizi anaweza kuruhusu anwani moja itumiwe na watu wengi, na anaweza kuamua kwamba akaunti zifunguliwe kwa kibali chake badala ya kiungo cha barua pepe. Nikafungua sanduku moja la kundi, wasioweza kufungua barua pepe zao wakajiandikishia hapo, nami nikawapa kibali mmoja mmoja nikiwa nao kwenye simu. Watu wa usalama watashika vichwa, na wako sahihi: mwenye kushika sanduku hilo anaweza kubadilisha nenosiri la yeyote aliyemo. Ndiyo maana linashikwa na watu wawili tu, na mashairi si pesa.

La pili ni umbo la shairi. Mshororo una ukwapi na utao, yaani nusu yake ya kwanza na ya pili, na wapo watunzi wanaopenda kuviandika kama safu mbili zilizoachana. HTML haijali, nafasi kumi mfululizo inazifanya moja, na safu zinaanguka. phpBB inamruhusu msimamizi kujitungia alama zake za uandishi kwenye paneli, bila kugusa msimbo wa programu. Nikatunga alama ya [shairi], ambayo ndani yake nafasi na mistari vinabaki kama mtunzi alivyoviweka. Kazi ya dakika tano, na hakuna kitu nilichowahi kuwafanyia wazee wale kikanipatia dua nyingi kama hicho.

La tatu ni roboti za matangazo. Jukwaa lolote lililo wazi litavamiwa na wauza dawa na wauza kamari ndani ya siku chache. Wengi hutumia zile picha za kuchagua taa za barabarani, ambazo kwa simu ndogo ni mateso. phpBB ina njia ya kumuuliza anayejiandikisha swali ulilotunga mwenyewe. Swali letu: ubeti wa tarbia una mishororo mingapi? Lazima uorodheshe majibu yote yanayokubalika, kwa hiyo niliweka "4", "nne", "minne" na "mine", ya mwisho kwa ajili ya wasio na subira na kibodi. Roboti hazipiti. Akipita mtu asiyejua tarbia, basi kaenda kuuliza, na hilo nalo ni faida.

Kwenye kutafuta, hakuna aliyenifurahisha, si phpBB wala Discourse. Injini nyingi za kutafutia zimefunzwa lugha zinazobadilika mwishoni mwa neno, hivyo zinakata mikia. Kiswahili chetu kinabadilika mwanzoni zaidi. Ukitafuta "penda" hupati "walipenda" wala "ninayempenda". PostgreSQL, programu ya hifadhidata ambayo Discourse inaitumia, inakuja na kanuni za kuchambua maneno za lugha nyingi na Kiswahili hakimo. Tumejisaidia kwa kuandika mwanzoni mwa kichwa cha kila mada bahari (aina) ya shairi na jambo linalozungumziwa, kwa mikono, kama mkutubi. Yeyote anayejengea Waswahili aijue hii mapema, asije akaahidi kitu.

Usimamizi sasa. phpBB ina kichujio cha maneno machafu, kama zilivyo nyingine zote, na kwa watu wanaotukanana kwa majina ya samaki kichujio hicho ni pambo. Mtu anaweza kuandika beti saba kuhusu pono na changu, kila neno safi, na kesho yake jirani akaapa hazungumzi naye tena. Hapo anatakiwa binadamu anayeelewa kilichosemwa. Nawakumbusha watu habari ya Mashada, jukwaa la Wakenya lililokuwa na wasomaji wengi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 chuki za kikabila zilimwagika humo hadi mwendeshaji wake, David Kobia, akalifunga Januari 2008. Baadaye yeye akawa miongoni mwa waliojenga Ushahidi, tovuti ya kukusanya taarifa za vurugu zile na kuzionyesha kwenye ramani. Hakukosa programu. Kabla ya kulinganisha vitufe, hesabu watu walio tayari kusoma kila kinachoandikwa, hata saa tano usiku. Sisi tunao watatu, wawili ni walimu wastaafu wasiolala.

Sheria niipitie haraka. Tanzania ina kanuni za maudhui ya mtandaoni tangu 2018. Zilipotoka, ada za maombi, za leseni na za mwaka kwa jumla zilipita shilingi milioni mbili, na JamiiForums yenyewe ililazimika kusimama kwa muda Juni mwaka huo. Zimebadilishwa baadaye, kwa hiyo usisome makala ya zamani. Nenda TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, uulize kundi lako linaangukia wapi. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Ukikusanya majina na namba za simu za watu, inakuhusu. Nasi kwa hiyo hatukusanyi namba. Lakabu inatosha; malenga hajulikani kwa jina la kitambulisho hata hivyo.

Pesa ndiyo iliyotuamulia mahali pa kupangisha. Michango inaingia kwa simu, elfu mbili, elfu tano. Seva za nje zinalipwa kwa dola na kwa kadi, ambayo kwa kawaida ni kadi ya mtu mmoja, na mtu huyo akifulia au akikasirika kundi linazimika. Kampuni ya hapa inapokea malipo ya simu, mhasibu analipa mwenyewe, na risiti anaitupa kundini. Nakala rudufu ya hifadhidata inatoka kila usiku na kila Ijumaa naishusha kwenye kompyuta ya nyumbani. Mashairi ni maandishi, hayana uzito. Kikoa, yaani anwani ya tovuti, kimeandikishwa kwa jina la kundi, si langu, na hili nililigombea kwelikweli maana wazee walitaka kunipa mimi kwa heshima ya baba.

WhatsApp hatukufunga. Salamu, misiba na Yanga vinabaki kule. Shairi likiwekwa jukwaani, mmoja anatupa kiungo kundini, wenye hamu wanakwenda.

Ambacho bado sijakipata vizuri ni sauti. Mashairi haya huimbwa, na watunzi wawili watatu hawasomeki bila sauti zao. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp unatoka kama faili ya opus, ambayo simu nyingi za zamani haziichezi, kwa hiyo nabadilisha kuwa mp3 kwa ffmpeg, programu ya kubadilisha faili za sauti na video, halafu naambatisha kwenye mada. Msomaji analazimika kuipakua kwanza ndipo asikilize. Nataka kitufe cha kuchezea papo hapo kwenye ukurasa, kinachofanya kazi hata kwa yule wa Opera Mini. Aliyewahi kulifanikisha hilo kwenye phpBB 3.3 aniambie alipitia wapi.